Mafuta Yaliyoganda Uani Rosettenville

Watu wa kwetu Tanga wakisikia Afrika Kusini hufikiria dhahabu. Mimi hufikiria bomba. Baridi ya Johannesburg si ya kuvaa sweta ukanywa chai ikapita. Inaingia ukutani, inaingia mfupani, na asubuhi ukifungua bomba linakohoa tu, maji hakuna. Mwaka wetu wa kwanza bomba la nje liliganda likapasuka, na mama mwenye nyumba alitukaripia utadhani tulilipasua kwa nyundo.

Tulikuwa wapangaji wawili pale mtaa wa Rosettenville, vyumba vya uani, jiko moja. Mimi nikipika sambusa na biriani za kuuza Fordsburg. Mwenzangu alikuwa fundi cherehani, mama wa Kikongo kutoka Kalemie, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa; mimi aliniita yaya, yaani dada kwa Kiswahili cha kwao. Nyumba ya mbele alikaa yule mwenye nyumba, bibi wa Kireno, mjane, hacheki. Baridi ya pili ilipobisha hodi, mwenzangu alichukua magunia na mabaki ya vitenge akayavisha mabomba yote ya ukutani, akayakaza kwa kamba. Eish, yalipendeza! Yalivaa kuliko mimi, na hayakupasuka tena.

Basi tukajiona mafundi. Kumbe tumeyatunza maji yanayoingia, yanayotoka tumeyasahau. Siku moja maji machafu yalifurika kwenye chemba, lile shimo la maji taka pale uani, yakatambaa mpaka kwenye tuta la sukuma wiki la bibi. Alisimama pale na ufagio wake akasema, kwa Kiingereza kikavu, kwamba yakifurika tena sote wawili tutafute pa kwenda. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimehama Doornfontein, nimehama na kwingineko, mpaka nimechoka kufunga mizigo. Chumba kile kilikuwa na dirisha la jua na nilikipenda. Sikutaka kuhama tena.

Jumapili moja mwishoni mwa Ramadhani, bibi akiwa kanisani, sinki likajaa maji yasiyoshuka. Nikashika kiuno. Mie saumu hainipunguzii ulimi, Mungu anisamehe.

“Dada, ni hayo mawese yako! Kila siku unamimina sinkini.”

Akaweka mkasi chini. “Mawese yangu? Na ile mafuta ya nazi yako, yaya, inaendaka wapi? Mbinguni?”

“Ya nazi ni mepesi!”

“Ya nazi njo inaziba tiyo!” Akaligonga bomba la sinki.

“Nyani haoni kundule,” nikamwambia, naye akanijibu kwa Kifaransa maneno ambayo namshukuru Mungu sikuyaelewa.

Ukweli ni kwamba sote tulimimina. Ndivyo tulivyolelewa: umemaliza kukaanga, mafuta yaliyobaki unayamwaga, unayasindikiza kwa maji ya moto, kwaheri. Kwa joto la kwetu yanakwenda zake. Hapa yanafika nje ya ukuta tu, yanakutana na baridi, yanakaa kitako.

Fundi bomba wa Jumapili hatukuwa naye, na misa ikiisha bibi anarudi. Tukabandua mfuniko wa chemba kwa koleo, tukavaa mifuko ya plastiki mikononi. Humo ndani, jamani, mlikuwa na keki. Tabaka jekundu la mawese, tabaka jeupe la nazi, jekundu tena, jeupe tena. Tukatazamana.

“Yaya,” akasema, “tumepika pamoja.”

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na ugomvi ukaishia hapo. Tukakwangua kwa mwiko wa zamani, tukajaza ndoo. Tukakubaliana palepale: kuanzia leo mafuta ni kwenye kopo, kopo linalala nje, baridi yenyewe iyagandishe, asubuhi tunatupa na takataka. Sufuria inafutwa kwa gazeti kwanza, ndipo ioshwe.

Lakini maji bado hayakushuka. Bomba la jiko la bibi nalo liliishia kwenye chemba hiyohiyo, na chini ya mdomo wake kulikuwa na mlima wa kijivu. Nikazamisha mkono, nikavuta donge kubwa kama kichwa cha mbuzi, na maji yote yakaenda kwa mlio mmoja mtamu. Furaha ilioje! Kisha nikanusa.

“Harufu gani hii?”

“Soseji,” akasema mwenzangu polepole, macho yakimtoka. “Yaya… nguruwe.”

Mfuko wangu ulikuwa umechanika zamani. Yarabi toba! Kwa madhehebu yetu najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na udongo safi pale uani ulikuwa wa bibi peke yake. Ndivyo alivyotukuta alipotoka kanisani: mimi nimepiga magoti katikati ya sukuma wiki zake, najipaka udongo mpaka viwikoni, na Mkongo yuko chini, anacheka hadi machozi.

Nikajua tumekwisha. Bibi alitazama ndoo, akatazama chemba, akalitazama lile donge la kijivu kwa muda mrefu. Ulimi ulinicheza nimwambie, ona na yako! Nikaumeza kwa shida. Akakaa kwenye ngazi na kofia yake ya kanisani.

“Mume wangu ndiye aliyefungua hapa kila mwaka,” alisema. “Alivaa mabuti, akaniambia nisisogee, kunanuka. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anatoa nini.” Akaielekeza kidole ndoo yetu. “Nilidhani ni nyinyi.”

Hasira yangu yote ilikatika, nikamhurumia. Nilitamani kumshika mkono, lakini kwa mikono ile, nani angekubali?

Akaingia ndani. Tukasubiri, mwenzangu ameshaacha kucheka. Alirudi amevaa kandambili, ana birika la maji ya moto na sabuni, akainama akaninawisha mwenyewe, taratibu, mpaka udongo wote ukatoka.

“Mwakani fungueni mapema,” akasema, “kabla ya baridi. Na mimi mniite.”

Nilibaki na mikono hewani, maji yakichuruzika. Mwenzangu, ambaye Kiingereza kilimpita pembeni, akanivuta kanga.

“Anasema nini, yaya? Tunahama?”

“Anasema mwakani tumwite,” nikamwambia.