Diski Mpya ya Mchora Ramani

Mchora ramani wa ofisi ya viwanja alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, na kompyuta yake ilikuwa na kumi na mitatu. Wenzake walimbatiza Bwana Subiri. Mteja akija kuulizia ramani ya kiwanja chake, yeye hubonyeza, kisha husema, "Subiri kidogo," na hicho kidogo kilimtosha mtu kutoka, kunywa chai, kurudi na kukaa tena.

Siku moja, mbele ya wageni kutoka makao makuu, mkuu wa ofisi alimnyooshea kidole. "Huyu na mashine yake ni mapacha. Tunangoja tu kuona nani atatangulia kaburini."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchora ramani naye akacheka, angefanyaje? Alikuwa ameomba kompyuta mpya mara tatu, na barua zote zilikaliwa.

Akaamua kujitibu mwenyewe. Alimwendea fundi mmoja, akamweleza anataka diski ya kisasa, ile yenye kasi.

"Bodi yako ya zamani, mzee, haina pa kuichomeka," fundi alimwambia. "Itabidi uipandishe kwenye kadi. Na hata hapo mashine haitajua kuwakia humo. Uiwashe kwa flashi kwanza, flashi ndiyo iikabidhi diski kazi. Flashi hiyo usiichomoe kamwe."

Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, akafungua kasha na kupangusa vumbi lililoganda humo kama manyoya. Akaifunga diski, nyembamba kama kipande cha chingamu, juu ya kadi, na kadi akaididimiza kwenye tundu refu la bodi, kisha akachomeka flashi kwa nyuma. Akawasha. Giza. Akachomoa kadi, akairudisha, jasho likimdondoka puani. Giza tena. Mara ya tatu mashine ikaamka, na ramani ya mji mzima ikafunguka kabla hajainua kidole. Akaifunga, akaifungua. Alifanya hivyo mara saba, peke yake, akichekelea kama mwali.

Jumatatu alihudumia wateja wote kabla ya saa nne. Hakuna aliyempongeza. Mkuu alikuja, akasimama nyuma yake, akatazama.

"Nani kakuruhusu kufungua mali ya ofisi?"

"Mkuu, diski ni yangu. Nimenunua mwenyewe."

"Ilikuwa yako. Ikishaingia kwenye mashine ya ofisi, ni ya ofisi." Akageuka, akamwita mpwa wake, binti aliyeajiriwa mwezi uliopita. "Mama, hamia hapa. Mzee ataenda stoo kupanga majalada. Kwa kasi hii, kazi haihitaji mtaalamu."

Mchora ramani aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Yule aliyekaa naye meza jirani miaka tisa aliinamia karatasi zake.

Stoo ilikuwa chini ya ngazi, haina dirisha. Nyumbani mkewe alipomuuliza kama ile diski imefanya kazi, alijibu, "Vizuri sana," na akaomba maji.

Wiki ya pili simu ya stoo ikalia. "Mzee, hii kitu yako imegoma!" Alipanda ngazi. Mpwa wa mkuu alikuwa amechomoa flashi apate kunakili nyimbo, akafuta vyote vilivyokuwamo.

"Hii ndiyo iliyokuwa ikiiwasha, mama."

"Sasa mimi ningejuaje? Hukuandika."

"Na wateja wamejaa," mkuu alidakia kutoka mlangoni. "Ndiyo hasara ya ufundi wa kubahatisha. Irekebishe, halafu uniandikie barua ya kujieleza."

Angeweza kukataa. Neno lilimfika ulimini. Badala yake alivua koti, akapiga magoti, akaingia chini ya meza kuvuta nyaya. Yule binti hakusogeza hata kiti. Aliendelea kula mkate wake, na makombo yakawa yanamdondokea mzee kisogoni, naye akaendelea kufungua skrubu.