Wiki ya Kuonja Kustaafu

Hospitalini walimwita Mama Darubini, wala hakuwa na kinyongo na jina hilo. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiinamia vioo vya maabara, akisaka vimelea vya malaria kwenye matone ya damu. Akikiona kimoja, mpaka leo, husema, "Ahaa, kumbe umejificha hapa wewe!"

Alipotimiza miaka hamsini na mitano, ikamfikia barua ya utawala: astaafu sasa kwa hiari, au aendelee mpaka sitini. Mgongo ulimwambia aondoke. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu miaka mitatu nyuma, naye akaongeza lake: "Njoo nyumbani, mke wangu. Kustaafu kuna utamu wake."

"Utamu gani?"

"Utauona mwenyewe."

Basi akaomba likizo ya wiki moja, aonje mchuzi kabla ya kuupakua.

Jumatatu aligundua kwamba saa nne jua huingia sebuleni na kutua juu ya kabati la vyombo. Nyumba yake mwenyewe, na hakulijua hilo! Akagundua na jingine: saa tatu kamili Mwalimu huvaa kofia na kutoweka mpaka adhuhuri.

"Nanyoosha miguu," alisema.

Jumanne, miguu. Jumatano, miguu tena. Miguu gani hiyo isiyonyooka? Alhamisi akamfuata unyounyo.

Mwalimu alipita sokoni, akakata kona, akaingia kwa fundi cherehani, mama mmoja wa makamo aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Mama Darubini akachungulia dirishani. Mumewe alikuwa ameinamia cherehani, ulimi nje, akishona suruali, na fundi anamkemea: "Mwalimu, mshono umepinda. Fumua!"

Mwalimu akafumua bila ubishi.

Mama Darubini akaangua kicheko, akaingia. "Kumbe ndiyo miguu hii! Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu," alijibu Mwalimu, haya zimemjaa. "Nilitaka kwanza nikushonee kitu kinachovalika. Bado hakijapatikana."

"Na huchoki?"

"Nachoka sana. Lakini kila nikiamka najiuliza, leo mfuko utakubali kukaa?"

Neno hilo lilimkaa moyoni. Njiani akajiuliza, mimi nikiamka nawaza nini? Alijaribu kuwaza bustani, akaona anajidanganya. Tangu Jumatatu alikuwa akiwaza kioo kimoja alichokiacha kazini: rangi ya kuonyeshea vimelea haikushika sawasawa kwenye damu, akaagiza kipimo kirudiwe. Je, kilionyesha nini?

Ijumaa hakuweza kuvumilia, akapiga simu maabara.

"Tulirudia," mwenzake akamwambia. "Vimelea viwili tu, pembeni kabisa. Mgonjwa keshaanza dawa. Lakini dada, si uko likizo?"

"Niko. Pembeni upande gani?"

Wiki iliyofuata alijaza fomu: anaendelea. Chini akaongeza ombi la kiti chenye egemeo, maana mgongo nao una haki yake.

Mwalimu, aliyekwisha kusimuliwa habari ya kile kioo, hakununa. "Siku ukiacha kujiuliza, utaniambia?"

"Utakuwa wa kwanza kujua," alisema, huku akitafuta viatu vyake vya kazi.