Nilimweka kobe wa amana ndani ya mtumbwi

Wakuu, salamu kutoka Garsen.

Wazo la kumweka kobe ndani ya mtumbwi lilikuwa langu mwenyewe. Ningelikataa pale pale lilipokuja kichwani, leo nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Nitaeleza ilivyokuwa, hata panaponiaibisha. Mimi ni babu sasa, nilisoma hadi kidato cha nne, na mpaka leo habari hii tunaijua mimi, mke wangu, na mtu mmoja mwingine. Huyo mtu ndiye sababu ya uzi huu.

Anaitwa Godana. Yeye ni Mworma, mfugaji. Mimi ni Mpokomo, mkulima wa mpunga na ndizi. Wanaoijua Tana River wanaelewa urafiki kama wetu hauokotwi njiani.

Kuna wakati mbaya wa mapigano ulipita hapa, watu wake na watu wangu hawakupita hata njia moja. Godana alikuwa anakuja kwangu. Anakuja mchana, peke yake, katikati ya barabara ili kila mtu amwone, na kibuyu cha maziwa begani.

Sasa, kobe. Marehemu mkewe alimwokota malishoni akiwa mdogo, akamlea pamoja na ndama. Mama yule alipofariki, kobe alibaki. Alikuwa amekua, ukubwa wa karai dogo, gamba lina madoa meusi na ya njano. Godana hamtajitaji mkewe, lakini ukienda kwake asubuhi unamkuta amechuchumaa, anamkatia kobe majani.

(Najua mtaniuliza kuhusu kibali cha serikali cha kufuga mnyama wa porini. Hakikuwepo. Hilo nalo ni kosa, liandikeni.)

Mvua za majuzi zilipozidi, Godana alilazimika kuwapandisha ng'ombe sehemu za juu. Boma lake lilikuwa linaingia maji. Akaja kwangu na bodaboda, kobe amempakata mapajani.

"Weka yeye ndani ya nyumba," akaniambia. "Nje kuna maji, kuna siafu. Pahali pakavu, papana, atembee. Jua kidogo apate. Hii ni amana, ndugu yangu."

"Amana imefika," nikamjibu.

Mke wangu, Mama Esta, akamwangalia yule kobe, kisha akaniangalia mimi. "Sasa nina wazee wawili nyumbani. Afadhali huyu hasemi."

Godana alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaondoka, na mimi nikaanza kutafuta pa kumweka.

Nilifikiria mambo manne.

Kwanza, pipa la plastiki lililopasuliwa nusu. Dogo, na linateleza.

Pili, kuziba kona ya chumba kwa matofali. Sakafu ya saruji wakati wa mvua ni baridi kama jiwe la mtoni, nikaogopa.

Tatu, Mama Esta alisema ning'oe mbao za kitanda cha wageni, tupige sanduku pana lenye kuta zilizosimama, tumwage mchanga mkavu, tuliweke karibu na dirisha la mashariki.

Nne, mtumbwi.

Baba yangu aliniachia mtumbwi wa gogo la mwembe. Tulipohama Kau nilikuja nao, ingawa ulikuwa umeoza upande mmoja. Nilikata sehemu nzima, nikaziba kwa ubao pale nilipokata, nikauingiza sebuleni. Nilitia udongo, nikatandika nyasi. Nilijipongeza.

Naomba mnielewe. Mtu wa mto akisikia mafuriko, mahali salama kuliko pote ni ndani ya mtumbwi. Tumewekwa humo tukiwa watoto wachanga. Haikunijia hata kidogo kwamba kobe hakulelewa na mto.

"Huyu hajakaa sawa," Mama Esta akasema siku ya pili. "Mwangalie anavyotembea. Kama mtu aliyevaa kiatu kimoja."

Ilikuwa kweli. Mtumbwi chini ni wa mviringo. Kobe akienda kulia anainama, akienda kushoto anainama. Na kwa kuwa kuta zimelala, si za kusimama, alidhani anaweza kupanda. Alipanda mchana kutwa. Kucha zake zilikwaruza ule ubao hadi nikaongeza sauti ya redio.

Halafu paa langu linavuja. Matone machache tu, lakini mtumbwi umechongwa usipitishe maji, na usiopitisha maji kuingia haupitishi maji kutoka. Udongo ulilowa chini kwa chini. Juu nyasi zilionekana kavu, nami sikutia kidole.

Siku ya tano niliona mapovu puani mwake. Akaacha kula.

Asubuhi ya siku ya sita Mama Esta alipata habari kwamba dada yake ni mgonjwa huko Kinakomba. Alipokuwa anafunga mizigo aliniambia, bila kupaza sauti, "Baba Esta, zing'oe zile mbao. Leo. Usingoje nirudi."

"Nimesikia," nikasema.

Sikuzing'oa. Misumari ilikuwa na kutu, mgongo unaniuma, na, niseme ukweli, nilikuwa nimeshawaonyesha majirani ule mtumbwi na wakausifu. Nikasema kesho.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mvua ilikatika, jua likatoka kali. Nilienda kanisani, baadaye nikakaa kwenye kikao cha wazee. Niliporudi alasiri, mabati yalikuwa yanawaka na chumba kilikuwa kama tanuri.

Kobe alikuwa upande wa ncha, pale mtumbwi unapofinyana. Alikuwa amepanda, akapinduka, akabanwa chali. Miguu ilikuwa imelegea. Shingo ameitoa yote.

Nilimgeuza, nikamwagia maji, nikakaa naye. Alikuwa ameshakufa.

Nilimzika nyuma ya nyumba chini ya migomba, nikasawazisha udongo. Wakuu, kufikia hapo bado nilikuwa mtu aliyekosea tu. Kilichofuata ndicho kibaya.

Siku mbili baadaye, Godana alipiga hodi. Mvua imepungua, amewaacha ng'ombe na wanawe, amekuja kumwona kobe.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Ametoka. Maji yalifika mlangoni, nikafungua nipige deki, akapita."

Nilitegemea atasikitika, tunywe chai, yaishe.

Yeye akaweka kibuyu chini, akakunja shuka lake juu ya magoti. "Basi hayuko mbali. Kobe haendi mbali. Twende."

Tukaenda. Mimi na yeye, tukimtafuta kobe niliyemzika kwa mikono yangu.

Siku ya kwanza tulizunguka mtaa mzima. Alimuuliza kila mwanamke bombani. Mmoja akamtania, "Mzee, wenzako wanapotelewa na ng'ombe, wewe wapotelewa na kobe?"

"Ng'ombe nitanunua mwingine," Godana akamjibu.

Jioni tulipita nyuma ya nyumba yangu. Alisimama karibu na migomba, akaangalia huku na huku, akasema udongo wa hapa ni mzuri.

Siku ya pili tulienda kwenye vichaka vya kando ya barabara. Alikuwa anachechemea, mwiba umemwingia unyayoni, hataki kupumzika. Mara kadhaa nilisema moyoni, mwambie sasa. Nikajibu, ukishamwacha atembee siku mbili, utamwambia nini?

Siku ya tatu tulifika kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya malisho. Chini yake palikuwa na shimo, na mbele ya shimo udongo umekwaruzwa. Godana alifurahi. Alilala kifudifudi, akapandisha mkono wa shati hadi begani, akaanza kuingiza mkono.

Kila mtu wa huku anajua mashimo kama hayo wakati wa mafuriko. Nyoka wote waliokimbia maji wamo humo.

"Usitie mkono," nikasema.

"Namsikia. Kuna kitu kinasogea."

"Godana, usitie mkono. Hayumo."

Mkono ulikuwa umeingia hadi kwenye kiwiko. Hakuutoa. Aligeuza uso tu, shavu bado liko chini.

"Umejuaje?"

"Yuko chini ya migomba yangu. Alikufa Jumapili. Mimi ndiye niliyemzika."

Alitoa mkono polepole. Alikaa, akapangusa udongo, kidole kimoja kimoja. Nilieleza yote, mtumbwi, mbao, kanisa.

Nilipomaliza, alisema, "Kobe kufa, ningesema ni Mungu. Hizi siku tatu, ni wewe."

Akainuka, akarudi njia ya bomani kwake, anachechemea. Sikumfuata.

Nimekwenda kwake mara tatu tangu hapo. Mwanawe ananipa mkeka na chai, kwa heshima zote, ananiambia baba yuko malishoni. Viatu vya baba yake viko mlangoni.

Wakuu, anayetaka kumweka kobe ndani, achague chombo kipana kuliko kirefu. Kuta zisimame wima, asipate pa kupandia. Chini pawe tambarare, na kila asubuhi utie kidole hadi chini kabisa uone kama ni pakavu. Apate jua na kivuli, ajichagulie. Ukikosea, mpigie mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla hujashika jembe.

Wenye ujuzi wa kobe nirekebisheni. Wenye neno la kunikemea, semeni pia, nitasoma yote. Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa rafiki baada ya jambo kama hili, aniambie alifanyaje.

Zilikuwa mbao sita tu. Nilishindwa kuzing'oa, kisha nikaogopa kusema. Godana alikuwa rafiki yangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa tukikutana soko la mifugo ananisalimia kama anavyomsalimia mnunuzi yeyote, kisha anapita.