Damu ya Kisigino cha Binti Yangu

Binti yangu alipofikisha wiki sita, nilimbeba kutoka nyumbani kwetu Kamunyonge hadi kliniki akachukuliwe damu. Ninaishi na virusi vya Ukimwi, na dawa nilikuwa nameza tangu kabla ya ujauzito. Mume wangu alijua. Tulichokuwa hatujui ni kama mtoto ameepuka maambukizi.

Nesi alimtoboa kisigino, akadondoshea damu kwenye kadi nene. Nikamwuliza kwa nini asitumie kile kipimo cha haraka nilichopimwa mimi.

"Kile kinaangaliaga kinga ya mwili, dada," alisema. "Mtoto bado ana kinga uliyompa wewe tumboni, kwa hiyo kinaweza kusema ana virusi kumbe hana. Hiki kinaenda maabara Mwanza, wanatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Kama kipo, hata kidogo, watakiona."

Hiyo "hata kidogo" ndiyo niliyoondoka nayo. Nyumbani kila akikohoa nilimgusa paji la uso. Nilimtazama anavyonyonya kwa uroho, nikajiuliza kama namlisha au namuua.

Siku nesi alipopiga simu nilikuwa naanika dagaa.

"Mama, njoo na mtoto."

"Majibu yametoka?"

"Njoo tu, tutaongea."

Nikampigia mume wangu. Akaacha kazi yake ya kutengeneza baiskeli pale Mwisenge, tukapanda bodaboda moja, mtoto katikati yetu.

"Sampuli imekataliwa kule maabara," nesi alisema. "Matone hayakukauka vizuri. Tunarudia."

Niliangua kilio. Mume wangu, mtu mpole siku zote, akafoka: "Sasa hilo si mngetuambia kwenye simu?"

"Samahani, baba. Mambo haya haturuhusiwi kuyasema kwenye simu."

Kikatobolewa kisigino cha pili. Kungoja kwa mara hii kulikuwa kubaya zaidi, maana kila simu ikiita nilitaka kuitupa.

Tulipoitwa tena, nesi alifunga mlango kwanza. Nikajua tumekwisha.

"Hajaambukizwa," alisema.

Mume wangu alikaa chini sakafuni. Mimi nilimwomba nesi asome tena. Akasoma. Kisha akasema nisiache dawa hata siku moja, na kwamba mtoto atapimwa tena, na tena, hadi baada ya kuacha kunyonya.

Tukatoka. Mume wangu ndiye aliyembeba mtoto.