Karani wa Majina

Karani wa majina alikuwa na mazoea ya kupuliza ncha ya kalamu kabla ya kuandika, kama anayepoza chai. Bibi alimtazama tangu kwenye foleni, mjukuu wa siku saba mikononi. Kwao mtoto hapewi jina jipya. Mkubwa mmoja wa ukoo humwachia lake, na tangu siku hiyo mkubwa huyo huitwa kwa udugu au kwa kazi yake tu. Kila mtoaji aliporidhia, karani alilikata jina lake kwa rula, mstari mmoja mwembamba, kisha akaliandika upya kwa mtoto, kwa herufi kubwa zaidi.

"Umeridhia, mama?" akauliza zamu yao ilipofika, kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa. Bibi akamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi. Binti yake, mama wa mtoto, akaanza kulengwalengwa na machozi. "Miaka sitini na minne naitwa hivyo," bibi akasema. "Nikilitoa, nabaki na nini?" Karani akaweka kalamu chini, akafungua daftari kuukuu, akagusa kwa kidole jina lililokatwa. "Hili lilikuwa langu. Nilimwachia mpwa wangu. Juzi nikasikia linaitwa sokoni, nikageuka. Kumbe linakimbia kwa miguu mipya!" Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Akamwinamia mjukuu, akamwita polepole kwa jina lake la miaka sitini na minne. Mtoto akafumbua macho, akapiga chafya. Bibi akashusha pumzi ndefu.

"Haya, kata, mwanangu. Mwenyewe kashaitika."