Mwezi Ambao Karani Alikuwa Likizo

Enzi zetu kule Kasigau, kabla bodaboda hazijaanza kuleta maji mpaka mlangoni, kila boma lilikuwa na punda na kila punda alikuwa na jina. Wetu aliitwa Karani, kwa sababu alitembea kama mtu anayekwenda ofisini akijua bosi hajafika. Tukitoka shule, mimi na dada yangu Mghoi tulivua sare, tukamalizia kimanga cha mchana, muhogo uliopondwa na maharagwe, tukamswaga Karani hadi bombani chini ya mlima.

Mama alikuwa na sheria moja: mitungi minne, miwili huku miwili kule, na punda anywe kabla mtu hajachota. "Yeye hana mdomo wa kuomba," alikuwa akisema. Tulimcheka kichinichini.

Sasa, wiki moja kukawa na mashindano ya mchezo wa kati, sisi wasichana wa juu mlimani na wasichana wa chini, na hakuna aliyeweza kumpiga Mghoi kwa mpira akiwa katikati. Safari mbili za maji zingetuchelewesha. Tukampakia Karani mitungi sita. Akatutazama tu, akaenda. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya nne, kwenye mlima wa kuelekea nyumbani, alipiga magoti njiani, akalala. Mghoi alimvuta kamba. Mimi nilimchapa fimbo.

Fimbo ile bado inaniuma. Maana tulipofungua mitungi na kutoa gunia tulilomtandikia, ngozi ya mgongo ilitoka nalo. Kidonda kikubwa kama kiganja changu, kimeanza kunuka. Alikuwa amekibeba bila kutupiga hata teke moja.

Mama alipofika hakutugombeza, na hilo ndilo lililotutisha. Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakikamulia shubiri.

"Karani yuko likizo," akasema. "Maji yatakuja kwa vichwa vyenu."

"Mpaka lini, Mama?" Mghoi akauliza.

"Muulize yeye."

Likizo ilichukua mwezi mzima. Tulipita na mitungi kando ya uwanja wenzetu wakicheza, shingo zimezama mabegani. Wasichana wa juu walishindwa vibaya, na walitukumbusha mpaka darasa la nane. Kila jioni nilimfukuzia Karani nzi. Mwanzoni alinikwepa. Siku aliyokuja mwenyewe akaniwekea kidevu begani, nililia, nikasingizia vumbi.

Siku hizi mambo ni rahisi. Juzi nilikuwa Maungu nikamwona kijana wa bodaboda, miwani ya jua, muziki juu, amefunga mbuzi wawili kwenye keria, vichwa vinaning'inia karibu na ekzosi. Nikamsimamisha, nikamwomba awalaze vizuri.

"Mathee, si wanaenda tu buchari," akanijibu, bila ubaya.

"Wanaenda, lakini hawajafika."

Akacheka. Lakini alishuka, tukawafungua pamoja, akawatandikia koti lake na kuwafunga upya, vichwa juu.

Si kijana mbaya. Pikipiki yake inang'aa, na ikiingia shimoni huiambia "pole". Ila amekua na chombo kisichosikia maumivu. Sisi tulikua na kinachosikia, na tulikuwa na mama wa kutufanya tukitazame.