Kamera Ndogo na Kiti cha Mama

Nina kamera mbili, na watu wa Kolwezi huniuliza hii ya pili ni ya nini. Ile kubwa ndiyo inayonilisha: harusi, ubatizo, matanga, picha za pasipoti. Ikitoka kwenye begi lake, kina mama hufunga upya vitambaa vya kichwa, na askari wa barabarani hukumbuka ghafla kwamba kuna karatasi sijamwonyesha. Mjini kwetu, ambako kila ukuta una mlinzi wake, kamera kubwa ni ugomvi unaotembea. Basi nikanunua ndogo, ya mtumba, inayotosha kwenye kiganja, niiweke kwenye mkoba pamoja na leso na funguo. Usiniambie habari za simu. Simu yangu kila nikiielekeza kwa mtu, mteja anapiga.

Mama alikuwa wa kwanza kuicheka.

“Hii njo ile kubwa ilizaa?” aliuliza. “Ngoja basi ikomae.”

Lakini aliipenda. Mbele ya kamera kubwa mama alikaza midomo na kukaa wima kama mtu aliyeitwa ofisini. Mbele ya ile ndogo aliendelea kuchambua maharagwe na kumtukana kuku wa jirani. Nikajiambia kwamba huyu ndiye mama yangu hasa, na kwamba nitampiga picha kila Jumapili, bila sababu, mpaka nichoke.

Aliishi mtaa wa Kasulo, katika nyumba aliyoijenga baba alipoacha kazi ya kampuni ya migodi na kuirudisha nyumba ya kampuni. Mimi naishi upande mwingine wa mji, nyuma ya studio yangu. Baba alikuwa amefariki, na chumba chake kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Katika ukoo wetu, vitu vya marehemu havigusiki mpaka kaka yake mkubwa afike kutoka Kasai kuvigawa. Baba mkubwa aliahidi kuja kila kiangazi, na kila kiangazi barabara au magoti yalimzuia. Hata mimi, ninayejidai mtu wa kisasa, sikuwahi kukigusa kitasa cha mlango ule. Pamoja na mama aliishi mdogo wangu wa kiume, mtu mzima mwenye mke na watoto waliobaki kwa wakwe, aliyekuwa amepoteza kazi ya udereva. Tulisema yuko pale kumlinda mama.

Kila Jumapili baada ya misa nilimkuta kwenye baraza, juu ya kiti chake cha plastiki cha bluu, mbele ya mlango. Tulikula pale pale nje. Nikitaka kuingia ndani kuchukua sahani, alikuwa ameshazitoa. Nikitaka maji, jagi lilikuwa hapo. “Ndani iko joto,” alisema, nami nilifurahi, kwa sababu mwanga wa barazani ni mzuri kwa uso wa mtu mzee.

Mpumbavu wa kwanza katika habari hii ni mimi.

Kasulo kila mtu anajua kinachofanyika. Unaona turubai limetandazwa nyuma ya nyumba, unaona wanaume wenye udongo mweusi kwenye nywele, na mwenye nyumba anakwambia wanamchimbia choo. Vyoo vya Kasulo vina urefu wa watu kumi, na chini yake kuna kobalti. Sisi tulikuwa watu wa heshima, watoto wa mfanyakazi wa kampuni, na tuliyatazama mashimo ya wenzetu tukitikisa vichwa.

Siku moja, Jumatatu ambayo haikuwa na mteja, niliamua kuchapisha picha zote za mama zilizokuwa kwenye kamera ndogo, nimtengenezee albamu. Nilizipanga sakafuni studioni kwa kufuata Jumapili zake. Nilikuwa nacheka peke yangu, maana katika picha moja amefungua kinywa akimkemea yule kuku. Kisha nikaacha kucheka.

Kamera kubwa, kwa lenzi ninayoitumia kazini, ina adabu. Inauchukua uso na kuyayeyusha yote yaliyo nyuma, kwa hiyo bibi harusi anang’aa na ukuta wenye ukungu hauonekani. Kamera ndogo haina adabu hiyo. Inachukua uso, ukuta, ndoo na sabuni iliyo juu ya ndoo, vyote sawasawa. Nyuma ya kichwa cha mama, katika picha ya tatu, palikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Katika picha ya kumi ulikuwa umefika dirishani. Katika picha ya mwisho, iliyopigwa jana yake tu, ungeweza kuingiza kidole, na fremu ya mlango ilikuwa imeinama upande wa kiti cha mama. Yeye alikuwa anacheka.

Nilipiga magoti juu ya zile picha. Nilianza kutazama kila kitu isipokuwa uso wake. Kwenye kamba ya nguo, Jumapili tatu tofauti, palianikwa ovaroli mbili zilizochakaa magotini, ambazo si za mtu yeyote ninayemjua. Miguuni pake, katika picha zote, ulilala mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo. Kinu hakikuwepo hata katika picha moja. Na kiti. Kiti hakikusogea hata hatua, jua likiwa kali au mvua ikinyunyiza. Kila Jumapili mama aliuziba mlango kwa mwili wake, nami nikadhani anakaa vizuri kwa ajili yangu.

Usiku ule sikulala vizuri, na Jumanne nilifunga studio nikapanda pikipiki hadi Kasulo. Sikumpigia simu. Nilipofungua geti nilimwona mama kabla hajanitambua. Aliuinua mchi kwa mikono miwili na kuugonga kwenye sakafu ya baraza mara tatu. Kisha akatabasamu.

“Mutoto wangu! Leo si siku ya Mungu. Kuko nini?”

Sikumsalimu. Nilimwekea picha mapajani, ya kwanza na ya mwisho.

“Ile ni baruti,” alisema bila kuzitazama sana. “Kule mu mine ya kampuni banapiga, nyumba zote zinapasuka. Uende uone kwa jirani.”

“Kwa jirani ukuta haikupasuka, mama. Minaiona hapa, nyuma yako, mu foto. Mudogo wangu iko wapi?”

“Alienda mu ville,” alisema, akinyoosha kidole upande wa mjini.

“Mama.”

“Usiingie mule. Chumba ya baba yako haifunguliwake mbele tata yenu mukubwa afike.”

Sikuwa nimetaja chumba cha baba. Tukatazamana, na nilimwona akielewa kwamba amejitaja mwenyewe. Nilikasirika. Nilikuwa nimekiheshimu kile chumba kana kwamba baba amelala ndani, nikapita mbele yake kwa vidole vya miguu siku ya arobaini yake, kumbe mahali asipoingia mtu ndipo panapofaa kuchimba. Nilimwambia mama maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na siyarudii hapa. Nikamwambia asimame, aondoke barazani sasa hivi, twende kwangu.

Hakusimama. Aliukumbatia mchi.

“Unazani minaikalaka hapa sababu ya foto?” alisema. “Mudogo wako iko chini sasa hivi. Muntu akikuya, minagonga, anaacha. Mi nikiondoka, nani atamugongea?”

Hapo hasira yangu ilikosa pa kukaa. Ukuta unampasukia kichwani, naye haogopi ukuta, anamwogopea aliye chini yake. Nikitaka kumtoa mama, lazima nimtoe kwanza mdogo wangu.

Nilijipenyeza kati ya kiti na fremu ya mlango, nikaingia. Kufuli ya chumba cha baba ilikuwa inaning’inia wazi. Kitanda chake kilikuwa kimesimamishwa ukutani, suti yake bado ndani ya mfuko wa plastiki, na katikati ya chumba palikuwa na shimo la mraba lililochongwa vizuri, kazi ya watu wanaojua kuchimba. Mwanaume mmoja mwenye mvi kwenye ndevu alikuwa amekaa ukingoni akishika kamba. Alinisalimu kwa adabu, kama fundi aliyekutwa kazini.

“Mwite apande,” nilimwambia.

Alitikisa kamba. Sauti ya mdogo wangu ilitoka mbali, haikutoka chini moja kwa moja, ilitoka pembeni. Alisema bado kidogo, jiwe limekuwa zuri, nirudi siku ya Mungu. Nilimpigia kelele kwamba ukuta unaanguka. Akajibu kwamba yeye anachimba kuelekea kwenye migomba ya nyuma, ukuta wa mbele haumhusu, ni baruti tu. Waliyatunga maneno pamoja, yeye na mama.

Niliitoa kamera ndogo mkobani, nikaiwasha kwenye picha ya kwanza ya mama, nikaifunga ndani ya leso yangu na kuiweka kwenye mfuko uliofungwa kwenye kamba. Mwenye ndevu alinitazama, kisha akaishusha taratibu, kama mtu anayeshusha mayai.

“Tazama ukuta, usimutazame mama,” nilipaza sauti. “Finya ile kitufe ya kuume, foto zinafuatana.”

Kamba ililegea. Nilihesabu pumzi zangu. Punje ya mchanga ilianguka kutoka kwenye kona ya shimo, na nyingine, na mwenye ndevu akazitazama zote mbili. Kisha chini kule, kwenye giza la pembeni, taa ya kamera iliwaka mara moja. Nikadhani amefinya vibaya.

Alipanda bila kuitwa tena. Alikuwa mweupe wa vumbi usoni na mweusi mikononi, na hakunitazama. Alinipa kamera. Picha ya mwisho haikuwa yangu. Taa yake ndogo ilikuwa imemulika dari ya udongo, na katikati ya udongo ule lilining’inia hewani, lenye kutu, bomba la chuma la maji, ile tiyo ambayo baba aliizika mwenyewe alipovuta maji nyumbani. Mdogo wangu na mimi tulimshikia koleo siku hiyo. Tiyo ile inapita mahali pamoja tu: mbele ya mlango, chini ya baraza, chini ya kiti cha bluu.

“Chini hakuna mbele wala nyuma,” alisema mwenye ndevu polepole. “Unafuata jiwe.”

Mdogo wangu alikimbilia barazani. Alimbeba pamoja na kiti chake, mama akipiga kelele kwamba yeye si gunia, akamweka nje ya geti, barabarani, mbele ya watu. Mchi alikuwa nao bado. Kisha akakaa kwenye vumbi miguuni pa mama.

“Yaya,” aliniambia, maana mimi ndiye mkubwa wake, “ule muchi siku hizi nilikuwa nausikia sana. Kila wiki unazidi. Nilizani mama anaongeza nguvu.”

Mama alimtazama. Nilimwona akiliweka lile neno mahali pake, polepole.

“Nguvu gani?” alisema. “Bega inaniuma tangu mwezi ilipita. Minapigaka polepole.”

Si mchi uliokuwa ukizidi; ni yeye aliyekuwa akiusogelea. Mwenye ndevu alitoka na kamba yake begani, akatuaga, akaenda.

Baraza lilianguka kwenye mvua kubwa ya kwanza, likiwa tupu. Chumba cha baba kilibaki kimesimama, na suti yake ndani, na baba mkubwa kutoka Kasai bado anaahidi. Mama anaishi kwangu, nyuma ya studio. Mdogo wangu alikaa nasi miezi miwili akitengeneza milango, kisha akaondoka kwenda Fungurume, mji mwingine wa machimbo. Anasema anapakia malori. Akija, hutuonyesha mikono yake kabla hatujaomba, imesuguliwa mpaka kucha zinang’aa, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Sijamwuliza mama kama anaamini.

Kamera ndogo inafanya kazi. Mchanga uliingia kwenye shingo ya lenzi, na kila nikiiwasha inasaga kama mtu anayetafuna wali wenye mawe. Fundi alitaka kuifungua aisafishe, nikamkatalia.

Jumapili iliyopita nilimpiga mama picha mbele ya mlango wangu. Kiti ni kile kile cha bluu. Mchi upo miguuni, ingawa kinu changu kiko jikoni na sombe siku hizi tunanunua imeshatwangwa. Siku hizi natazama kwanza ukuta, ndipo nimtazame yeye. Nilipokuwa bado natazama ukuta, aliuinua mchi kwa mikono miwili, bega likimsumbua, akagonga sakafu mara tatu. Alikaza kweli, mpaka vikombe vikalia mezani, kisha akainamisha kichwa kusikiliza.

Nilimwuliza anafanya nini.

“Fungurume iko mbali,” alisema. “Njo maana minapiga na nguvu.”